Bibi Harusi Aliyeingia Bila Kusimama

Kaka yangu aliporudi kutoka masomoni Uingereza alirudi na mke, na mimi nilinuna wiki nzima kabla hata ya kumwona huyo mke. Sina haja ya kujisafisha. Barua yake ilinikuta Karatu, nilikokuwa nikifundisha shule ya msingi, miaka ya sabini ikikaribia mwisho. Ilikuwa na mistari minne: amemaliza masomo yake ya maji, amepata kazi Dar es Salaam, ameoa mbele ya msajili wa ndoa, na mkewe anatoka Grenada. Nilikuwa nimemwandikia miaka yote ile habari za kila ndama aliyezaliwa nyumbani, naye ananiletea mistari minne.

Grenada ni nini, hakueleza. Nilikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu kulikokuwa na ramani ya dunia, nikaitafuta Afrika nzima nikaikosa. Nikahamia Ulaya, nako hola. Mwisho niliiona ng'ambo ya Atlantiki, kitone kidogo kuliko alama ambazo inzi walikuwa wameziacha kwenye ramani ile. Nikajiambia, kaka yangu amevuka dunia nzima kwenda kuoa kitone.

Sisi ni Wamasai wa Ngorongoro. Boma letu lilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Endulen, lakini Mama hakuwahi kupahesabu pale kuwa kwao. Yeye aliolewa akaletwa ndani ya kreta, akatuzaa mle, na akatoka mle miaka michache tu kabla ya haya ninayoyaeleza, agizo lilipokuja kwamba watu wasiishi tena chini. Baba alikuwa ameshafariki. Boma lilisimamiwa na baba mkubwa, ila kila mtu alijua ni mdomo wa nani unaosubiriwa kabla ya jambo kuamuliwa. Kaka alijua kuliko wote.

Siku waliyofika Karatu nilikwenda kuwapokea kwenye basi la kutoka Arusha. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mzungu, au angalau nusu mzungu. Akashuka mwanamke mweusi kuliko mimi, mrefu, kichwa amekifunga kitambaa cha manjano, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye kope, naye anacheka. Mwenye duka lililokuwa pembeni, Mwislamu mtaratibu sana, alimkaribisha kwa Kiswahili akamtolea kiti. Mama mmoja aliyekuwa akiuza vitunguu akamsemesha Kiiraqw, lugha ya wenyeji wa Karatu, na alipoona hajibiwi akakasirika kwelikweli. "Wanaenda mjini miaka miwili tu," akatuambia sisi wengine, "wakirudi wanajifanya hawajui lugha ya mama zao." Nilimtafsiria wifi yangu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka kwa sauti yake yote. Alinunua vitunguu vya yule mama, vingi kuliko tulivyohitaji.

Kaka alinivuta kando. Alikuwa amevaa viatu vya ngozi laini ambavyo tope la Karatu lingevimaliza kwa siku moja, na uso wake haukuwa wa mtu aliyerudi nyumbani. Akaniambia, "Nina siku kumi na mbili. Mama akimpokea, tutakuwa tunakuja kila likizo, na watoto wetu watakulia mikononi mwake. Asipompokea, mimi sitamleta tena hapa kuja kuaibishwa. Na mimi mwenyewe sijui nitakuwa narudi na uso gani." Nilitaka kumjibu kwa ukali, nikaona anaogopa kweli. Nikaenda kutafuta usafiri.

Tulipata lori lililokuwa likipeleka unga wa mahindi Endulen, kwa kuwa huko kwetu kulima kulikatazwa. Tulikaa juu ya magunia. Lilipopanda mpaka kwenye ukingo wa kreta, injini ilichemka, dereva akasimama kuongeza maji. Tukashuka. Ukungu ulikuwa umeondoka, na kreta ilionekana yote, na ziwa lake la magadi na ule msitu wa chini.

Naomba mnielewe, mimi nilikuwa nimewaona wageni wengi wakisimama pale. Karatu nzima ilikuwa inaanza kuishi kwa ajili yao. Nilijua watakachosema, na baada ya kukisema huwa wanauliza vifaru wako wapi. Wifi yangu alizungusha macho kreta nzima, ukingo hadi ukingo. Kisha akaniambia kwa Kiingereza chake chenye mwendo wa kupanda na kushuka, "Kisiwa chetu kikubwa ungekiweka humo, kingezidi kidogo tu. Nchi nzima. Bunge, bendera, waziri mkuu, kuku, makanisa, wote wangebanana humo." Akaniambia wao nao wana mlima uliolipuka zamani ukafa, na kwenye mdomo wake kuna ziwa la maji baridi katikati ya msitu, ukungu unaingia na kutoka kama huu. Kisha akauliza, "Nani anaishi chini kule?"

"Hakuna," nikasema. "Sisi tuliishi."

"Nyumba ya mama yako ilikuwa wapi?"

Hilo hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza. Nilimwonyesha kwa kidole, upande wa miti ya migunga, nikamweleza mto ulipita wapi na ng'ombe walikunywa wapi, na yeye akafuata kidole changu mpaka akawa na hakika ameona penyewe. Nusu ya kinyongo changu iliniishia pale ukingoni. Nusu nyingine, kwa aibu yangu, niliendelea nayo mpaka nyumbani.

Maana kulikuwa na jambo alilopaswa kuambiwa, na mimi nilijua hajaambiwa. Kwetu bibi harusi haingii boma la mumewe hivihivi. Akifika langoni husimama. Hasemi, hatazami nyuma, haingii. Watu wa boma hutoka mmoja mmoja wakamwahidi mnyama: huyu mbuzi, yule kondoo, yule ng'ombe, naye hupiga hatua pale tu anapoona ametosheka. Mwisho, akishaingia, mama mkwe humpa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, na tangu siku hiyo wawili hao huacha kuitana majina. Huitana paashe, yaani mimi na wewe tuliopeana mtamba. Mkwe ambaye haitwi paashe bado hajawa mtoto wa nyumba ile. Kaka alidhani ndoa ya msajili imeyamaliza mambo hayo. Mimi nilijua haikuyamaliza. Nilijiambia hiyo ni kazi ya mumewe, si yangu, nikatazama pembeni.

Basi tulipofika, wifi yangu alifanya kama alivyolelewa. Kwao mtu akifika kwa wakwe huingia upesi na uso mkunjufu, mikono imejaa zawadi, asije akaonekana ana maringo. Alilipita lango la miiba karibu anakimbia, kapu mkononi, akawasalimia watoto, akamsalimia baba mkubwa, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Mama na kumpa mkono wakati mbuzi na kondoo wa jioni walikuwa bado hawajatupisha njia. Wanawake waliokuwa wamejipanga kumpokea walibaki na vigelegele mdomoni. Mmoja alicheka, akajiziba.

Mama alimpokea vizuri. Hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika, kwa sababu Mama akimpenda mtu humgombeza. Alimpa maziwa katika kibuyu kizuri, akamtandikia ngozi safi, akaagiza achinjiwe kondoo. Na kila mara aliponiuliza habari zake aliniuliza, "Mgeni ameshiba? Mgeni amelala vizuri?" Siku nne ikawa mgeni, mgeni. Wifi hakujua Kimaa, lakini neno likirudiwa siku nne mtu hujua kama anaitwa kwa upendo au la. Kaka alikuwa akitoka asubuhi kwenda kuangalia chemchemi ambazo hazikuwa na shida yoyote.

Nilimwuliza Mama. Alikuwa anasafisha vibuyu kwa kijinga cha moto, kama kila siku, na hakuacha kazi yake. "Hakusimama," akasema. "Mtu asiyesimama langoni hana watu nyuma yake, au anao lakini hawakumwambia ana thamani gani. Simchukii. Ni mgeni mwenye adabu. Lakini mtamba hupewa mtoto wa watu, na huyu sijui ni wa nani." Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia basi amwulize mwenyewe ni wa nani, mimi nitatafsiri.

Ndivyo siku ya tano tulivyokaa ndani kwa Mama, sisi wanawake watatu, na mimi nikajifunza jiografia ambayo ramani ya mwalimu mkuu haikuwa nayo.

Wifi alianza na chai. Alitoa kwenye kapu lake kungumanga nzima, kubwa kama gololi, na kikwaruzo kidogo cha bati, akakwaruza juu ya chai ya maziwa. Harufu ilijaa nyumba nzima. Alisema mama yake ndiye aliyempa, kutoka miti yake mwenyewe, na kwamba watu wa Grenada wanaithamini kungumanga hata wameichora kwenye bendera yao. Alimwonyesha Mama lile ganda jekundu kama utando linaloifunga mbegu, ambalo nalo ni kiungo. Mama alinusa, akaonja, akanusa tena. "Mwambie ni nzuri," akasema. "Lakini chakula chao ni hiki tu?"

Wifi akaeleza ndizi, muhogo, samaki, na tunda kubwa la shelisheli linalopikwa kwenye tui pamoja na nyama ya chumvi mpaka tui lote likauke. Sehemu ya samaki niliitafsiri kwa kuipunguza, kwa kuwa Mama aliwaona walaji samaki kama sisi tunavyowaona walaji nyoka. Haikusaidia, alishika shavu. Kisha akauliza alilokuwa akingojea kuuliza tangu mwanzo.

"Ng'ombe?"

"Wapo," wifi akasema, "lakini wachache. Kwenye kisiwa kikubwa mtu ana mmoja au wawili, amewafunga kamba pembeni ya barabara."

"Mmoja mmoja? Na kamba?" Mama aliniangalia mimi, kana kwamba nimekosea kutafsiri. "Kama mfungwa?"

Wifi akacheka, akasema sivyo ilivyo kwao hasa. Yeye hakuzaliwa kisiwa kikubwa. Nchi yao ina visiwa vitatu, na yeye anatoka kile cha pili, kikavu, kisicho na mto hata mmoja, ambako watu hukinga maji ya mvua kwenye mapaa. Kinaitwa Carriacou. Kaka alikuwa ameniambia njiani kwamba siku ya kwanza alipomsikia akilitaja jina hilo alidhani amefika Kariakoo. Huko, alisema wifi, mvua inapokuwapo wanyama hufungwa wasiharibu mahindi na mbaazi. Lakini mavuno yakishaingia na kiangazi kikaanza, kila mtu anafungua kamba. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wa kisiwa kizima wanaachiwa, wanakwenda watakako, wanalala watakako, hakuna shamba la mtu wala mpaka wa mtu mpaka mvua zirudi.

Nilipomaliza kutafsiri hilo Mama alikuwa ameweka kikombe chini. "Hakuna anayewazuia?"

"Hakuna."

"Na watu wenyewe? Hakuna aliyewaambia watoke?"

Wifi alinitazama, na nikajua anakumbuka kidole changu kule ukingoni. Akasema, "Mwambie sisi tuliambiwa tutoke zamani sana, huku Afrika. Tulichukuliwa, tukavushwa bahari kwa nguvu, tukawekwa pale tuwalimie wengine. Tumepata uhuru juzijuzi tu, mimi nikiwa mtu mzima. Sasa pale ni petu, na hakuna wa kututoa."

Mama alisema kitu ambacho sikukitafsiri kwa sababu hakikuwa neno, ni ile sauti ambayo wanawake wetu huitoa wakisikia msiba. Kisha, kwa sauti ya chini, "Basi hamjui koo zenu."

Nilitafsiri kwa shingo upande. Hili ndilo lililokuwa limelala moyoni mwake tangu siku ya lango, na kwetu si jambo dogo: asiyejulikana ukoo wake hata kuolewa ni shida, usije ukaoa dada yako. Nilidhani wifi ataona aibu. Badala yake alikaa wima.

"Mwambie tunajua," akasema. Kwenye kile kisiwa chao kikavu, akaeleza, watu walikatalia na jina la kule walikotoka. Mtoto hurithi la baba yake. Mtu akifiwa, au akizindua mashua, au akiweka jiwe juu ya kaburi la mzazi, wanaletwa wapiga ngoma watatu, uwanja unaachwa wazi, na mataifa yanaitwa kwa nyimbo, moja baada ya jingine: Wakromanti, Waigbo, Wamanding, Watemne, Wakongo. Likiitwa lako unaingia kucheza, na usipokuwa wa taifa hilo unakaa. Wa kwanza kuitwa ni wafu, wanaachiwa uwanja peke yao, na hakuna aliye hai anayeukanyaga. "Baba yangu ni Mkongo," akasema wifi. "Wakiita Kongo, mimi siulizi mtu. Nainuka."

Alisimama pale pale, katika nyumba ambayo mtu mrefu hawezi kunyooka, akapiga kwa viganja mapajani mwake mpigo wa Kongo, akazungusha mabega. Kichwa kiligonga fito za paa. Mama alimtazama kama ninavyokumbuka alivyokuwa akimtazama ng'ombe mpya: miguu kwanza, kisha mgongo, mwisho macho. Mimi niliyemwita kitone nilikuwa nimeduwaa. Watu walionyang'anywa kila kitu, hata lugha, wamelishika hilo moja kwa miaka yote ile kwa kulicheza tu, na sisi tuliokaa kwetu tulikuwa tumeanza kuona haya kuvaa shuka tukienda Karatu. Niliwapenda watu wale siku ile bila kuwaona, na nawapenda mpaka leo.

"Ana watu," Mama akasema. Hakuniambia nitafsiri. Alichukua kikombe chake, akanywa chai yote, akatoa amri. Kesho kutwa asubuhi, mgeni atoke bomani na vitu vyake vyote, kisha aje upya, na safari hii asimame.

Nilitoka mbio kumwambia kaka, nikidhani nampelekea habari njema. Alimweleza mkewe kwa Kiingereza, tukiwa nje ya miiba, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa wifi ulivyofunga.

"Nisimame," akasema, "watu wazunguke wakitaja ng'ombe wangapi kwa ajili yangu?"

"Ni heshima," kaka akasema.

"Bibi zangu walisimamishwa hivyo. Wakashikwashikwa mikono na meno, na watu wakawa wanataja bei. Sitasimama. Nampenda mama yako kuliko nilivyotegemea, lakini sitasimama hata kwa ajili yake."

Kaka aliketi kwenye gogo akafunika uso. Aliniomba nisimwambie Mama sababu, niseme tu mgeni anaumwa. Mimi nilikuwa nimeshanyamaza mara moja na nilikuwa nimeona kunyamaza kwangu kulikotufikisha. Nikaenda, nikamwambia Mama neno kwa neno.

Akauliza, "Hao bibi zake walipotajwa, mali ilikwenda kwa nani?"

"Kwa waliokuwa wakiwauza."

"Na wao wenyewe walipewa nini?"

"Hawakupewa kitu, Mama."

"Basi kamwambie hivi, na usipunguze kama ulivyopunguza samaki." Nilishtuka, kumbe aliona. "Ng'ombe wa langoni hapewi baba yake, wala mume wake, wala mimi. Ni wa kwake. Maziwa yao ni yake na ndama wao watakuwa wa watoto wake, na mwanangu hawezi kumchinja hata mmoja bila kumwuliza. Anayeuzwa hapewi kitu. Huyu atasimama mpaka apewe yeye, na asipotosheka asiingie."

Nilirudi nikamwambia, sikupunguza. Wifi alinifanya nirudie sentensi ya mwisho mara mbili. "Asipotosheka asiingie? Yeye mwenyewe kasema?" Nikasema kasema, na kwamba hakuna wa kumvuta. Aliinamia vidole vyake, akauliza nani husimama na bibi harusi. Nikamwambia ni watu wa kwao.

"Watu wa kwetu wako mbali."

"Nitasimama mimi," nikasema. Halafu, kwa kuwa nisingeweza kusimama naye nikiwa nimebeba lile jambo, nikamwambia: siku ya kwanza nilijua hukuambiwa, nikanyamaza makusudi.

"Niliona kuna kitu," akasema wifi. "Ulikuwa umenuna tangu Karatu." Akanipiga kofi begani, na lilikuwa kofi la kuumiza kidogo, nikalipokea.

Asubuhi ile, ng'ombe wakiwa wameshakamuliwa na bado hawajatoka, tulikuja kutoka upande wa Endulen, yeye na mimi. Majirani walikuwa wamemvika shanga na shuka nyekundu, na kitambaa chake cha manjano wakakiacha. Mabinamu zangu walinizomea kwa kuhamia upande wa pili. Tukafika langoni, akasimama.

Baba mkubwa alikuwa wa kwanza, naye ni mtu wa mkono mgumu. Alitaja mbuzi mmoja, tena kwa sauti ya kutotaka asikike. Wifi akatazama mbele. Baba mkubwa akakohoa, akaongeza kondoo. Jirani wa kwanza akatoa kondoo, wa pili mbuzi mwenye mimba, na wote wakatakiwa kueleza ni yupi, rangi gani, masikio gani, kwa maana ahadi ya mnyama asiyejulikana si ahadi. Mimi nilitafsiri kila kitu sikioni kwake. Alipiga hatua moja. Kaka alitoa ng'ombe jike wa kijivu, wifi akapiga hatua ya pili. Baba mkubwa, kwa kuona anazidiwa na vijana, akaahidi fahali, na boma zima likamshangilia kwa dhihaka mpaka naye akacheka. Jua lilikuwa limepanda. Jasho lilikuwa likimtiririka wifi mpaka kwenye shanga, lakini shingo yake ilikuwa imenyooka vile vile kama alivyokaa siku ile aliposema tunajua.

Walipokwisha wote, nikaminya mkono wake, maana yake ingia. Hakusogea. Nikadhani hakunielewa.

"Wifi, imetosha," nikamnong'oneza. "Wametoa zaidi ya nilivyotegemea."

Akatikisa kichwa. Alikuwa anamtazama Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa nyumba yake tangu mwanzo, mikono nyuma, hajatamka neno.

"Bado," akasema wifi kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili chake cha siku chache. "Mama bado."

Hakuna bibi harusi anayesema langoni, sembuse kumtaja anayetakiwa kutoa. Kaka alifumba macho. Mimi nikawaza hapa ndipo tumempoteza kaka. Mama aliondoka mlangoni, akaja taratibu katikati ya boma, ng'ombe wakimpisha, mpaka akafika palipobaki hatua moja kati yao. Nilianza kumtafsiria.

"Nimesikia," akaniambia. Kiswahili alikuwa nacho cha dukani tu, lakini kilimtosha.

Akageuka, akanyoosha fimbo kwenye zizi. Alikuwa anamwonyesha mtamba mweusi mwenye doa jeupe tumboni, binti wa ng'ombe pekee aliyepanda naye kutoka kreta akafika juu akiwa hai. Nilikuwa nimewahi kumwomba mtamba yule mimi mwenyewe, mwanawe wa kumzaa, akaninyima. Alitaja rangi yake, mama yake na bibi yake. Akataja mto waliokunywa.

"Ni wako," akasema, "na wote watakaotoka kwake. Ingia, paashe."

Wifi alinigeukia nimtafsirie. Nilifungua mdomo, nikashindwa kwa kilio, lakini yeye alikuwa ameshaanza kutembea.